Kalamu, Karamu na Kibaraza Changu

Jumanne, 8 Juni 1993

Baridi kali. Sina pa kukaa nyumbani kwangu mwenyewe! Naandika haya nikiwa jikoni, nimekalia kinu kilichopinduliwa. Kibarazani wametanda wanawake wanne na madonge ya uzi: mke wangu Kunegunda, yaani Mama Noela, jirani Leticia, Walburga wa kwaya, na Chiku, aliyehamia hapa Bombambili kutoka Tunduru. Kila siku, vyombo vya mchana vikishaoshwa. Wanafuma kroshia, wanacheka, wanafuma tena. Sijui wanamcheka nani. Nahisi ni mimi.

Vitambaa! Makochi yamevaa. Meza imevaa. Chupa ya chai ina sketi. Redio imefunikwa mpaka macho. Jana nilitafuta taarifa ya habari kwa kupapasa nikaangukia mahubiri. Bado jogoo tu, naye nadhani wameshampima.

Mimi Makarius, karani mpiga chapa kwa miaka kumi na tisa, nilipunguzwa kazini mwezi wa pili, nikawekwa kundi moja na watu wasiojua hata nukta inakaa wapi. Sikukata tamaa. Siku hizi ni soko huria, kila mtu anafungua kitu. Nitafungua ofisi ya kuandikia watu barua, palepale kibarazani. Kazi itakuwepo. Mji mzima unasema "kalibu" na "balabala", na unaandika hivyohivyo. Meza ninayo. Wanawake ndio kikwazo.

Nimemwambia Mama Noela kwamba kibaraza ni cha mwenye nyumba. Amenijibu bila kuinua macho kwamba mwenye nyumba akijua kuhesabu mishono atasogezewa kigoda. Wenzake wamecheka. Nilijua ni mimi.

Jumatano, 9 Juni

Mungu si Athumani! Mwalimu Mkuu Leonce anastaafu. Ataagwa Jumamosi ya tarehe 19, na siku hiyo, mbele ya watu wote, atawakabidhi akina mama ufunguo wa kile chumba cha kona shuleni, kilichokuwa stoo ya majembe. Kunegunda amekitamani chumba hicho miaka mitatu. Anataka kuwafundisha kufuma mabinti waliomaliza darasa la saba. Leo ameimba akichambua mchele. Hakuwa ameimba tangu nipunguzwe.

Wakipata chumba, nami nimepata kibaraza. Ghafla nimewapenda sana akina mama.

Wanamfumia Mwalimu kitambaa kirefu chenye maneno, cha kutundika ukutani. Huyu Leonce alinifundisha darasa la nne. Mchoyo kama yeye hajapata kutokea. Nimefika kwake mara saba maishani na sijawahi kuona sufuria ikiwa na kitu. Lakini kustaafu ni kustaafu. Safari hii lazima achinje. Nasema mbuzi wawili.

Ijumaa, 11 Juni

Leo nimekiokoa Kiswahili, tena bila kuonekana.

Kunegunda ameyachora maneno kwenye daftari la hesabu lenye vijumba. Kijumba cheusi ni cha kujaza uzi, cheupe ni cha kuacha wazi. Kila mama amepewa ukurasa wake na neno lake, afume kipande chake, halafu vipande vyote viungwe. Leticia ana MWALIMU. Walburga ana YAKO. Kunegunda mwenyewe amebaki na HATUTAISAHAU, maana ni refu na wengine wamelikimbia. Chiku, ambaye hakusoma lakini hapotezi hata kijumba kimoja, amepewa neno la pili.

Nikamuuliza Mama Noela, kama mtu asiye na haja, wanaandika nini hasa. Akasema: Mwalimu, kalamu yako hatutaisahau.

Kalamu! Nikameza mate. Kila Jumapili Padri anasema heri walioalikwa kwenye karamu, na kila Jumapili mabenchi ya Bombambili yanaitikia kichwani mwao "kalamu". Miaka ishirini na mbili nimeishi na mwanamke huyu, R haijawahi kukanyaga ulimi wake. Mtu anaagwa, watu watakula, kwa hiyo ni karamu. Mtoto wa chekechea angejua.

Wamekwenda kuteka maji. Nikachukua ufutio na penseli. L nimeifuta kile kiguu chake cha chini, nikaiongezea kichwa na mguu wa mshazari. R safi kabisa, kama ya mashine. Chiku atafuma anachokiona. Ndiyo faida ya kufanya kazi na mtu asiyebishana na herufi.

Jumanne, 15 Juni

Nimekipima kibaraza. Meza itakaa kushoto, benchi la wateja kulia. Kibao nimekiandika kwa mkono wangu: OFISI YA BARUA ZOTE, ZA HUZUNI NA ZA KAWAIDA.

Chiku amekwenda Tunduru kwenye msiba wa shangazi yake na kipande chake mkobani. Kabla hajapanda lori nilimwambia anafuma vizuri kuliko wote. Kunegunda alinitazama kwa muda mrefu. Kumbe mume akisifu anatiliwa shaka. Wanawake hawana shukrani.

Jumamosi, 19 Juni

Balaa!

Uwanja wa shule ulijaa. Chiku alifika asubuhi hiyohiyo, vumbi la lori usoni. Kunegunda akakiunga kipande chake upesiupesi darasani, kitambaa kimegeuzwa upande wa nyuma, wakakikunja, wakatoka. Mbuzi sikuwaona. Meza kuu ilipata soda moja kwa watu wawili. Sisi wengine tulipata hotuba.

Leticia na Walburga wakakikunjua kitambaa mbele ya watu. Darasa la tatu, ambao wamezoeshwa kusoma kila kinachowekwa mbele yao, wakasoma kwa sauti moja: MWALIMU KARAMU YAKO HATUTAISAHAU.

Mzazi mmoja nyuma akauliza ni karamu ipi, maana yeye ndiyo kwanza anafika. Watu wakaangua kicheko mpaka vigoda vikapinduka. Mwalimu Leonce akavaa miwani, akasoma, akavua, akafuta, akavaa tena. Akasema kwamba katika miaka thelathini na tisa ya ualimu amesemwa kwa mdomo na amesemwa kwa chaki kwenye milango ya vyoo, ila kusemwa kwa uzi ndiyo mara ya kwanza. Ufunguo alikuwa ameshautoa. Akaurudisha mfukoni.

Nimeshangaa. Tahajia haikuwa na kosa lolote. Huyu mzee ana lake jambo.

Chiku ameapa wallahi hajakosea hata kijumba kimoja. Kunegunda akasema anamwamini.

Jumapili, 20 Juni

Nimegundulika.

Tulipotoka Misa, Kunegunda alilichukua daftari, akauinua ukurasa wa Chiku dirishani kwenye mwanga. Kiguu cha L kilionekana pale chini, kimefutwa lakini hakijafutika. Ufutio wa siku hizi ni takataka tupu, bidhaa za kuletwaletwa. Akaniuliza kitu cha kuandikia kinaitwaje. Nikasema kalamu. Akauliza yeye alisema nini. Nikasema alisema kalamu, lakini alikusudia karamu. Akasema alikusudia kalamu. Ya kuandikia! Ya Mwalimu! Ndiyo maana alisema kalamu!

Sasa mimi ningejuaje? Mtu anayekosea kila siku anapatia siku moja bila kutoa taarifa!

Hapo akalifukua lile la kazini. Barua ya mwaliko niliyoichapa mwezi wa kwanza, iliyowaambia wageni wa Mkuu wetu wa ofisi kwamba wanakaribishwa kura saa saba mchana, na wageni wakaja wakiuliza sanduku liko wapi. Nimemweleza mara ishirini kwamba herufi L ya mashine ile ilikuwa inakwama. Hataki kusikia.

Kisha akalia. Kunegunda halii ovyo. Hata nilipoleta barua ya kupunguzwa alisema tu nioge, maji yapo. Leo amelia kwa ajili ya stoo ya majembe. Iliniuma. Naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma.

Alipomaliza kulia akatoa hukumu. Aliyeiweka R ndiye atakayeitoa, kwa mikono yake, kibarazani, mchana kweupe.

Jumatano, 23 Juni

Nimekaa kibarazani kwangu hatimaye. Kwenye kigoda, katikati ya wanawake, na sindano ya kroshia mkononi. Karani mzima! Bombambili yote imepata shughuli ya kupita hapa. Wenye baiskeli wanapiga kengele. Hamisi fundi cherehani, ambaye suruali zake zote zina mguu mmoja mrefu, amesimama kabisa, akaniuliza kama napokea oda.

Kufumua ni rahisi. Unavuta uzi, kazi ya siku nne ya Chiku inakufa kwa dakika moja. Hilo lilinitia haya kidogo, maana alikuwa anatazama. Hakunilaumu. Alinionyesha kufuma mnyororo: chukua uzi, pitisha, vuta. Nikawa najiuliza mbona unapita kushoto. Akaniambia Baba Noela, wewe hesabu, usifikiri. Wenzake wakacheka. Mnyororo wangu wa kwanza ulijikunja kama mkia wa nguruwe.

Wa tano ulinyooka. Chiku alisimulia habari za msiba, Walburga akaanzisha wimbo, mimi nikahesabu vijumba, na nilipoinua kichwa jua lilikuwa limeshafika kwenye banda la kuku. Sikuwa nimelalamika tangu mchana. Ni kazi ndogo tu, haina maana yoyote. Kesho nitamalizia U.

Ijumaa, 25 Juni

Nimekipeleka kitambaa kwa Mwalimu Leonce. Peke yangu; Kunegunda alikataa kunisindikiza. Nimetoa shikamoo, nikaeleza. Nilieleza habari ya ndimi za mji huu, na wajibu wa msomi, na ubovu wa ufutio. Alinisikiliza. Kisha akaniuliza kama mimi ndiye yule Makarius wa darasa la nne aliyeandika "rara salama" kwenye kaburi la mbwa wa shule. Nikasema siku zile nilikuwa mtoto.

Akakisoma kitambaa: kalamu yako hatutaisahau. Akakisoma tena, kidole chake kikifuata herufi. Akageuka akatazama ukutani kwa muda. Macho yalikuwa mekundu. Nikajifanya naangalia kuku.

Halafu maajabu. Akaenda ndani, akarudi na kikombe cha chai ya rangi, bila sukari, na kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia. Akaweka chai mkono wangu wa kushoto, akasema hii ndiyo karamu. Akaweka kalamu mkono wa kulia, akasema hii ndiyo kalamu. Nisichanganye tena mpaka nife. Nikarudia mara tatu, kwa sauti, mzee wa miaka arobaini na tisa. Akanipa ufunguo, na kalamu akaniachia.

Nimeuweka ufunguo mkononi mwa Kunegunda. Ameufunga kwenye pindo la khanga. Kisha amenikaangia mayai mawili.

Jumatatu, 5 Julai

Wamehama! Chumba chao kina mabinti kumi na wawili na kelele zinasikika mpaka kanisani. Kibaraza ni changu. Meza kushoto, benchi kulia, kibao juu. Mteja mmoja tangu Alhamisi, naye alikuwa Hamisi, akiuliza kama nina uzi mweusi. Kimya kimezidi. Nimeweka kitambaa kidogo juu ya meza, kwa sababu ya vumbi.

Jana Kunegunda alinipa heshima ambayo sikuitarajia. Noela wetu anaolewa tarehe 14 Agosti na Aidan, kijana wa Hanga, na akina mama wanafuma kitambaa kirefu cha kutundika nyuma ya maharusi, mbele ya wakwe wote. Kipande kimoja nimepewa mimi! Amesema mkono wangu umetulia kuliko wa Leticia. Ameniachia ukurasa wa vijumba, akaniapisha nifuate kilichochorwa. Nimeapa. Binti yangu ni mmoja tu, na siku hiyo nataka kila mkwe asome na aelewe ametoka nyumba ya namna gani.

Nimeanza leo asubuhi, hapa ofisini, kwa kuwa wateja hawajafika. Nyumba imetulia, sindano inateleza. Nimefika katikati ya ukurasa ndipo nikasoma. Maneno ya kitambaa kizima: NYUMBA HII NI MAHALI PA AMANI. Kipande changu ni maneno mawili ya mwisho kabla ya AMANI.

Mahali! Kwenye arusi! Nikacheka peke yangu. Suala la kalamu lilikuwa gumu, nakubali, lilikuwa na pande mbili. Hili halina. Wakwe wanakuja, bibi harusi amekaa, posa imepita. Neno la arusi ni mahari. Maskini Kunegunda. Na hiyo "pa" yake nayo, mahari haichukui "pa", inachukua "ya". Makosa mawili kwenye mstari mmoja!

Penseli hata ikifutwa huonekana dirishani. Nimetoa mfukoni kalamu nyekundu ya Mwalimu.