Chumba cha Nukuu Tatu

Kwa furaha kubwa, na kwa waraka wenye mihuri mitatu, Taasisi ilitangaza kwamba kuanzia Jumatatu ukweli wote wa kitabibu utapimwa kwa idadi ya nukuu. Makala iliyotajwa mara nyingi zaidi na watafiti wengine ndiyo itakayotumika kuwatibu wagonjwa. Isiyofikisha nukuu mia itahesabiwa kuwa uvumi, na chumba cha mwandishi wake kitafungwa Ijumaa saa nane mchana, ili ipatikane nafasi ya makabati ya Kamati ya Nukuu.

Daktari wa Kidole alikuwa na nukuu tatu.

Walimpa jina hilo kwa sababu kila aliyekuja kwake na kikohozi alitobolewa kidole kwanza. Miaka kumi na mmoja alisema jambo lile lile: wengi wenye kifua kikuu wana kisukari pia bila kujua, na ukitibu kimoja ukakiacha kingine unajisumbua bure. Aliandika hayo vizuri, na majedwali juu. Waliomnukuu walikuwa wawili, mmoja wao mara mbili kwa kusahau. Chumba chake kilikuwa na meza, mashine ya kupimia sukari, dirisha lililogoma kufungika, na nje benchi lisilokaa tupu hata siku moja. Alikipenda kupita kiasi, na wazo la kukipoteza lilimkosesha hamu ya kula.

Akamwendea Katibu wa Kamati, mtu mpole aliyehesabu nukuu kwa penseli.

"Katibu, nikifungiwa, wale watu wa benchi waende wapi?"

"Wana haki ya makala bora, mama. Tunayo ya Mkurugenzi. Nukuu mia tisa na arobaini."

"Umesoma hao wanaoinukuu wanasemaje?"

Katibu alimtazama kwa huruma. "Sisi tunahesabu tu. Tukianza kusoma, hatutamaliza."

Daktari alikuwa amesoma. Wote walisema kitu kimoja, kwa adabu za kila aina: jihadharini na kosa hili. Makala ilishauri mgonjwa wa kikohozi asipimwe sukari, maana kupimwa kunamtia hofu, bali apewe soda mbili kwa siku arudishe nguvu. Mkurugenzi aliweka jina lake mbele zamani, kazi ikiwa ya mtu mwingine, na hakuwahi kuifungua. Hiyo si kasoro. Mtu mwenye makala mia mbili atazisoma saa ngapi?

Jumatatu kreti za soda zikafika. Daktari aliendelea kutoboa vidole, na kreti zikasaidia kuzuia mlango usijifunge.

Alhamisi akaja kliniki Mkurugenzi mwenyewe, kwa mlango wa nyuma, leso mdomoni, suruali ameishika kwa mkono isianguke. Nesi wa zamu akamkaribisha kiti.

"Kikohozi cha muda gani, Mheshimiwa?"

"Wiki tatu. Na kiu haikatiki. Na kila nikikaa, msalani."

Nesi akafungua soda, akamsogezea. "Ya pili utakunywa jioni."

"Ya nini hii?"

"Tiba iliyoidhinishwa."

"Kwa mtu anayekauka hivi? Mpuuzi gani kaandika hayo?"

Nesi akafungua makala, akaonyesha jina. Mkurugenzi akalisoma, akavaa miwani, akalisoma tena. Lilikuwa lile lile.

"Niitie yule wa kidole," akasema kwa sauti ndogo.

Daktari alipomwona alifurahi, kisha akaona haya, kwani mtu alikuwa mgonjwa kweli.

"Siruhusiwi kukupima, Mheshimiwa. Mimi ni uvumi."

"Mwanangu, tusifike huko."

"Tumeshafika, baba. Waraka wako, ibara ya saba: mgonjwa anayekataa makala iliyoidhinishwa ataje mwandishi, aeleze kosa kwa maandishi, asaini. Fomu hii hapa, na kalamu."

Mkurugenzi akaandika, akasaini, akatoa kidole. Sukari ilikuwa juu sana, na makohozi yakathibitisha yaliyobaki: kifua kikuu. Dawa ilikuwa ya kila siku, miezi sita, katika chumba kile kile cha Daktari, chini ya jicho la nesi. Ijumaa saa saba na nusu ikatoka amri kwamba chumba hakitafungwa, kwa manufaa ya umma.

Fomu ikafika kwa Katibu. Akachonga penseli, akahesabu, akabandika tangazo: Taasisi inampongeza Mkurugenzi kwa kufikisha nukuu mia tisa na arobaini na moja.

Wiki chache baadaye, Daktari aliporidhika kwamba Mkurugenzi haambukizi tena, wafanyakazi waliitwa ukumbini kumpongeza. Makofi yalipotulia, Katibu akampa fomu na kumwomba aisome nukuu hiyo mpya mbele ya wote.

Mkurugenzi akamtafuta Daktari kwa macho. Daktari alikuwa mstari wa mbele, akimsubiri kwa heshima zote.

"Makala hii ni upuuzi," akasoma, "na mwandishi wake hakuisoma."