Ombi la Kuipanua Bunduki ya Baba Mkwe

Kwa Bw. Delbert Kepner,
Mwenyekiti, Kambi ya Uwindaji ya Kepner, Potter.

Ndugu Mwenyekiti, na Shemeji,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limekubali kupanda ngazi. Sisi huku hatujambo, ila mimi naona baridi mgongoni, na sababu yake unaijua.

Nimesikia kwa dada yako Darla, yaani mke wangu, kwamba Jumamosi wanakambi mtapiga kura kuninyang'anya bunduki ya marehemu Baba na kumpa mwanao Trent, kwa hoja kwamba mtu mwenye mikia minne ya shati ukutani haistahili. Sitaki ugomvi. Baba aliniachia mimi ile bunduki, mimi mkwe, wanawe wa kuzaa wakiwepo, na tangu siku hiyo ndipo mlipoanza kuniita Lamar. Kabla ya hapo nilikuwa "yule wa Darla". Ikiondoka, narudi kuwa yule wa Darla. Kwa hiyo naomba kwa heshima zote: badala ya kumbadilisha mwenye bunduki, tuibadilishe bunduki. Mtutu uchongwe upya ndani, upokee risasi nene zaidi. Sababu zangu ni hizi.

1. Mashati. Sipingi desturi. Anayemkosa kulungu hukatwa mkia wa shati, kile kipande cha nyuma, ukaandikwa jina na tarehe, ukapigiliwa msumari ukutani juu ya jiko. Ndivyo ilivyokuwa kabla sijaoa kwenu. Lakini shati la mwaka huu lilikuwa la sufu, zawadi ya Darla, na wewe ulifika na mkasi moshi wa bunduki haujaisha, unacheka, "Geuka, Lamar, usione haya, tumeshakuzoea." Sasa nikiinama kanisani kuokota kitabu cha nyimbo, safu nzima ya nyuma inasoma chapa ya chupi yangu. Mchungaji ameniuliza kwa upole kama nyumbani kuna shida.

2. Risasi ni ndogo. Yule dume alisimama karibu kiasi cha kuona anatafuna nini. Nikapiga. Akainua kichwa. Nikavuta pampu ya kuingiza risasi nyingine, nikapiga tena. Akasogea kidogo, si kwa woga, alikuwa kama ananipisha. Mara ya tatu aligeuka akanitazama jinsi wanavyonitazama benki. Siamini kwamba zote tatu zilipita pembeni. Naamini zilimfika zikiwa hazina nguvu, zikaanguka miguuni pake. Hata maganda yakitoka hutoka yamechoka: shingo zimefura, midomo imepanuka kama ya watoto waliolia. Huo ni ushahidi kwamba risasi hizi zinafanyishwa kazi inayozizidi umri.

3. Darla. Mtasema kesho yake alichukua bunduki hiyo hiyo, akakaa kwenye kile kisiki cha Baba, akaangusha dume la pembe zenye ncha nane kwa risasi moja, na akarudi supu ya maharage ikiwa bado moto. Ni kweli. Lakini hakutumia risasi zangu mpya za dukani, zile za boksi lenye picha ya kulungu. Alichota kuukuu za Baba kwenye kopo la kahawa, kwa kumkumbuka mzee wake. (Baba naye alinisisitizia sana, "Tumia za kwenye kopo," nikadhani ni ule ubahili wa Kina Kepner.) Mimi nasema ushindi uliopatikana kwa majonzi usihesabiwe. Nilipomwambia Darla hivyo alijibu, "Basi nenda ukalie na wewe, upate ncha nane." Mpaka leo analirudia jibu hilo, hasa kukiwa na wageni.

4. Marehemu mwenyewe. Najua mtanijibu kwamba Baba hakuwahi kukosa, kwamba ukutani hakuna mkia wake hata mmoja, na kwamba kila usiku wa kuamkia msimu aligonga meza akasema, "Risasi ndogo inamtosha mwenye macho." Nakubali, Shemeji. Baba alikuwa na macho. Mimi nina miwani ya aina mbili na zote huwa kwenye gari. Mtu apewe risasi kulingana na upungufu wake.

5. Kama kambi itaona ukubwa unaofuata hautoshi, sina pingamizi tuendelee kupanda, hata tufike pale ambapo kulungu ataanguka kwa kusikia kishindo na kulenga kutabaki kuwa adabu tu. Na kama ombi litakataliwa kabisa, basi haki iwe ya wote. Aliyeunguza supu akatwe mkia. Anayekoroma akatwe. Na aliyemkosa bata mzinga mwezi wa tano akidhani hakuonekana na mtu (nilikuwa nyuma ya mti, Mwenyekiti) akatwe wa shati alilofungia ndoa.

Bunduki iko kwa Mzee Tressler, fundi wa bunduki kule bondeni, aikague tu. Nasubiri ruhusa yenu.

Msalimie Mama, mwambie mayai yake ya siki yalikwisha njiani. Msalimie Trent, na mbwa, na wote watakaopiga kura, hata watakaoipiga vibaya.

Wako mtiifu, mwenye shati fupi,
Lamar Zerbe

Nyongeza: Nilikuwa nimeshailamba bahasha Mzee Tressler alipopiga simu. Aliniuliza naipigia risasi gani. Nikamwambia, zilizoandikwa kwenye mtutu. Akasema, "Mshukuru Mungu bado una uso wa kunyoa."

Shemeji, bunduki ilishapanuliwa. Aliipanua yeye mwenyewe, zamani, kwa siri, na Baba akamsihi asiguse maandishi. Anasema katika kazi zake zote ni hiyo tu anayoionea aibu. Kumbe risasi zangu zilikuwa zikipita mle kama njegere kwenye bomba la jiko, na za kopo la kahawa ndizo zenyewe. Kwa hiyo futa hoja ya pili, ya tatu na ya nne, na ya tano yote isipokuwa bata mzinga. Siombi tena kitu chochote kipanuliwe. Maandishi yanarekebishwa leo hii, na yeyote mtakayempa hiyo bunduki Jumamosi, asiiwekee risasi nyingine ila za kopo.

Kuna jambo moja. Tressler anasema siku Baba alipoileta bunduki ipanuliwe, alifika amevaa koti na jua linawaka, akakataa kulivua. Mwishowe akatoa mfukoni mkia wa shati, alioukata mwenyewe porini akiwa peke yake, akamwachia aufiche. Una jina na tarehe, kwa mwandiko wake, desturi hakuiacha. Nimeuchukua kwake, nimeutia humu humu ndani ya bahasha. Darla ameuona, amecheka mpaka akalia, kisha akasema nikuachie wewe uamue, kwa kuwa ndiye Mwenyekiti. Ukitaka kuuchoma, jiko lipo. Ukitaka kuutundika, juu yake kuna nafasi karibu na yangu, na msumari nitakuja nao.