Oili Chafu ya Kura Tatu

Jumatatu, 18 Agosti

Imekuwa! Imekuwa kweli! Ijumaa kwaya ya kigango chetu inakwenda Ikola, siku tatu, kuimba ufukweni mwa ziwa, na jenereta linakwenda nayo. Lazima liwe na mtu wake. Nafasi moja kwenye lori. Moja!

Ikola ndiko kwao Pudensiana. Sauti ya kwanza, mstari wa mbele, wa pili kutoka kushoto. Aliniambia wazi kwamba baba yake, mzee Aloyce, hapokei barua ya posa ya kijana ambaye hajamwona kwa macho yake akifanya kazi. Basi anione! Nimesimama kando ya mtambo unaonguruma, kitambaa begani, uso wa mtu anayewaza. Atakataaje?

Tatizo ni Sospeter, fundi pikipiki. Naye anaitaka nafasi hiyo. Anajua kushika spana, sikatai, lakini hana mvuto. Na mimi nina faida moja kubwa: jenereta linalala chumbani kwangu hapa Kawajense, Mpanda, maana mlango wangu ndio wenye kufuli la maana. Wakubwa watatu watachagua Alhamisi jioni mazoezini. Mama Josephina, mwenyekiti wa kwaya. Mwalimu Gabrieli, anayetufundisha nyimbo. Mzee Machibya wa kamati ya kigango. Wamesema nilimwage oili kwanza, lina mwaka halijaguswa, kisha liwashwe mbele yao ndipo wapige kura.

Kura tatu. Nahitaji mbili. Nikipata zote nachinja jogoo.

Jumanne, 19 Agosti

Nina mpango!

Asubuhi nilipita kwa mzee Machibya kumsalimia tu. (Si kumsalimia tu.) Nikamkuta mbele ya zizi lake, amefura kwa hasira. Mchwa wamezila nguzo, ukigusa zinamomonyoka mkononi. Akasema angepata oili chafu azipake, wangekoma, lakini mafundi wa stendi siku hizi wanaificha kama asali. Oili chafu! Na mimi kesho namwaga oili! Nikamwambia ahesabu ameshapata. Akaniita ng'wana wane, yaani mwanangu, na kunipa maziwa. Kura ya kwanza.

Mchana kwa Mama Josephina. Choo kipya, nguzo za miti, mchwa wale wale. Nikamwahidi. Kura ya pili. Jioni kwa mwalimu Gabrieli, ambaye ana banda la kuku. Sikumngoja hata aulize. Ya tatu!

Sospeter nimempita njiani, spana imechungulia mfukoni. Anadhani uchaguzi huu ni wa ufundi. Nilimhurumia kweli.

Jumatano, 20 Agosti

Nimemwaga oili. Kwa kanuni zote! Nililiwasha dakika tano oili ipate moto, nikazima, nikaweka beseni, nikafungua nati ya chini, nikaliinamisha. Ikatoka nyeusi tii, nzuri, inateleza. Halafu ikakoma. Nikalitikisa. Likatoa tone.

Haikufika hata lita! Chupa ndogo ya maji na kidogo juu. Mwaka mzima wa kelele, chupa moja! Zizi la mzee Machibya peke yake lina nguzo zaidi ya arobaini.

Nilikaa kitandani nimeshika tama. Kisha ikanijia. Oili chafu inatengenezwa! Nikajaza oili mpya, nikaliwasha saa mbili mfululizo mlangoni. Jirani yangu Nyanzala akaja kuuliza kama kuna msiba. Nikamjibu ni majaribio. Nikamwaga tena. Ikatoka safi, rangi ya chai bila maziwa. Mchwa angeinywa na maandazi. Ikabidi nimwombe Nyanzala sufuria yake niikwangue masizi kwa nje, nikakoroga. Alisema sijawahi kuwa jirani mwema namna hii.

Mzee Machibya amepata ile ya kwanza. Imetosha nguzo tatu na ameuliza nyingine naleta lini. Mama Josephina amepata ya masizi na ameusifu weusi wake. Naenda vizuri sana.

Alhamisi, 21 Agosti

Mchana. Nimejaza chupa ya mwisho asubuhi, nimelingurumisha weee mpaka saa sita, nimemwaga, masizi, nimekimbia nayo mpaka kwa mwalimu Gabrieli. Alikuwa ananingoja na brashi mkononi. Akalipaka banda palepale huku akiimba besi. Kura tatu zote zimeshapakwa kwenye miti! Naenda kuoga.

Jioni. Sitaki kuandika lakini nitaandika.

Kwaya nzima imesimama. Pudensiana amesimama. Nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta tena. Kimya. Nilivuta mara kumi na tisa, shati likanigandia mgongoni. Nikawatangazia kwamba plagi imeingia unyevu. Agosti hii, Mpanda hii, vumbi hadi kwenye mboga! Sospeter akasogea taratibu. Akafungua kile kijiti cha kupimia oili, akakiinua juu watu wote wakione. Kikavu kabisa. Akaeleza kwa upole, ule upole wake mbaya, kwamba mashine hizi zikikosa oili, zenyewe hukataa kuwaka, zisijiue.

Nilisahau kujaza. Basi! Mtu hasahau?

Mama Josephina akauliza oili yenyewe imekwenda wapi. Hapo mwalimu Gabrieli akatia mikono mifukoni. Mzee Machibya akaificha yake chini ya koti. Mama Josephina akaangalia kucha zake mwenyewe, nyeusi tii, akalifunga swali lake haraka. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Kura tatu, zote kwa Sospeter.

Jogoo amepona.

Ijumaa, 22 Agosti

Lori limeondoka asubuhi. Sospeter ameketi juu ya jenereta langu. Pudensiana alinipungia mkono, kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi. Nimeumia. Naandika hivyo hivyo: nimeumia.

Nimelala hadi alasiri. Nilipogeuka kitanda kikayumba, nikachungulia chini. Mguu mmoja umewekewa kijitabu. Kijitabu cha jenereta! Kimekaa hapo mwaka mzima. Maneno ni ya kigeni lakini picha zinasomeka. Moja inaonyesha jenereta kwenye mteremko, limepigwa alama ya X. Oili ikikimbilia upande mmoja, mashine inadhani imeishiwa, haiwaki. Nimecheka peke yangu. Inadanganyika kirahisi kama mimi!

Jumamosi, 23 Agosti

Simu! Saa nne asubuhi! Sospeter mwenyewe!

Jenereta limegoma. Oili imejaa, petroli ipo, plagi safi, amevuta hadi bega limevimba. Jana waliimba bila spika na hakuna aliyesikia kitu kwa ajili ya mawimbi. Nikamuuliza wameliweka wapi. Akasema ufukweni. Nikamuuliza ufukwe ukoje. Akasema unateremka mpaka majini.

Moyo ukaniruka! Neno moja tu, lisawazishe, na lingewaka.

Nikavuta pumzi. Nikamwambia kwa masikitiko kwamba huo ugonjwa uko ndani, hautibiki kwa simu, lazima nifike mwenyewe. Mama Josephina akamnyang'anya simu akasema nije, nije upesi, ibada kubwa ni kesho. Nije! Nimepata lori la wanunuzi wa dagaa linaloondoka mchana huu. Nimebeba kitambaa cha begani.

Jumapili, 24 Agosti

Lori lilipata pancha mbili. Nimefika saa saba mchana, mweupe kwa vumbi hadi kope. Kabla sijaliona ziwa nikasikia mngurumo. Jenereta langu! Linawaka! Spika zinaimba! Nani amenihujumu?

Kando yake amesimama mzee mfupi, kitambaa begani. Begani! Mama Josephina akatutambulisha. Mzee Aloyce. Baba mwenyewe! Nikamwamkia nikiwa nimeinama hadi magoti yakalia. Akaniuliza kwa heshima kwamba eti mimi ndiye fundi, je, ugonjwa ulikuwa nini.

Nilikuwa na jibu sahihi. Nilikuwa nalo mfukoni, na picha yake! Lakini mteremko ni jibu dogo mno kwa mtu aliyesafirishwa kutoka Mpanda. Nikasema pistoni. Nikasema imechoka, na kuifungua ni kazi ya siku mbili.

Mzee akatikisa kichwa polepole. Akasema yeye asubuhi alilitoa mchangani na kuliweka kwenye sakafu tambarare wanapoanikia dagaa, likawaka mvuto wa kwanza. Akauliza kama kwetu Mpanda pistoni hutibiwa kwa kubebwa. Ufukwe mzima ukacheka. Pudensiana akacheka hadi akamshika mtu. Aliyeshikwa ni Sospeter.

Saa kumi kwaya imeondoka. Nafasi ya mtu wa jenereta ni moja, nikabaki. Lakini na Pudensiana amebaki, wiki nzima, kwao! Mzee amenipa mkeka kwenye chumba cha nyavu. Amesema hadi sasa ameniona nikiongea tu. Kesho asubuhi nitamwaga oili ya jenereta lake la kuchajia simu za watu, yeye ameketi anatazama. Nikifanya sawasawa, bila uongo, wazee wangu walete barua.

Barua! Ameitamka mwenyewe!

Jumatatu, 25 Agosti

Siku yangu! Ziwa linameta, dagaa wananukia vizuri, hata dagaa! Na nimejifunza. Nimeandika kiganjani kwa kalamu ya wino: FUNGUA, MWAGA, FUNGA, JAZA. JAZA nimeipigia mistari miwili. Safari hii hakuna kosa.

Nilipokwenda kunawa nikamkuta shangazi yake Pudensiana analalamika. Mchwa wamekula nguzo za banda lake la kukaushia samaki kwa moshi. Jamani, neno la shangazi kwenye posa si dogo. Nikamwambia oili chafu ahesabu ameshapata. Mjomba akasikia, naye ana uzio, nikamwahidi. Halafu jirani mmoja aliyekuwa anapita na ndoo yake. Wote watatu wanakwenda sasa hivi kuniombea kwa mzee.

Jenereta lenyewe bado sijaliona. Lakini mtu mwenye heshima kama mzee Aloyce hawezi kuwa na dogo.