Mtu Mmoja Mbele ya Bi Winifred

Ghorofa jipya la Brooklyn lilipozidi kupanda, Rufus Pettigrew alilivulia kofia. Jiji lilikuwa limemruhusu mjenzi aende juu kuliko majirani, kwa sharti kwamba baadhi ya nyumba azipangishe kwa bei nafuu kwa wenye kipato kidogo. Majina ya wapangaji yangechaguliwa kwa kura ya bahati nasibu. Rufus aliingiza lake kihalali kabisa, maana alichoka kulala kwenye kochi la dada yake akigombea blanketi na mbwa. Halafu, kwa kuwa uhalali humchosha haraka, akaanza kuwauzia wengine bahati.

Mteja wake mnono alikuwa Bi Winifred Kowalczyk, mwenye duka la masweta ya mbwa, ambaye kipato chake kilizidi kidogo tu kiwango kilichoruhusiwa, kwa namna ya kuudhi.

"Binamu yangu ndiye anayeendesha hiyo kura," Rufus alimnong'oneza. "Ukimpa chai, jina linapanda."

"Nitampa, mwanangu. Ila mimi nalipa kwa benki tu. Noti zinanitia kiwewe."

Rufus hakuwa na binamu. Akaunti alikuwa nayo.

Kura ikapigwa. Rufus akawa wa mwisho kati ya waliopata. Bi Winifred akawa wa kwanza kati ya wanaosubiri. Mtu mwingine angemshukuru Mungu akanyamaza. Rufus alikimbilia dukani.

"Mama, mbele yako kabaki mtu mmoja tu! Ongeza kidogo tumng'oe."

"Maskini! Ana watoto?"

"Hana hata paka. Mhuni tu."

"Basi mng'oeni," akasema Bi Winifred, akatuma fedha nyingi kuliko zote.

Siku ya kuhakikiwa kipato, Rufus alivaa tai. Karani alimtazama kwa huruma.

"Umezidi kiwango, Bwana Pettigrew. Mshahara wa duka la masweta umekupandisha."

"Mshahara gani? Mimi sijawahi kushika sindano!"

"Mwajiri wako amezitangaza fedha zote alizokutumia benki kwa watu wa kodi. Kama si mshahara, zilikuwa za nini?"

Rufus akaivua tai, akatoka.

Nje, Bi Winifred alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri kuitwa. Mshahara wa Rufus ulikuwa umeila faida ya duka lake mpaka kipato chake kikashuka ndani ya kiwango.

"Mama, umenimaliza! Narudi kugombea blanketi na mbwa wa dada!"

"Mimi tena? Si ulisema tumng'oe wa mbele? Kazi safi, mwanangu. Matapeli wote walionila, wewe tu ndiye uliyetimiza ahadi."

Akatoa sweta jekundu mkobani, akamkabidhi.

"Mpelekee yule mbwa. Akivaa hili, blanketi atakuachia."