Paa la Kanisa la Ulgarth

Jumatatu, 6 Oktoba 1794

Nimeficha jambo miaka thelathini na moja. Kanisa dogo la Ulgarth, lile gofu ambalo wachoraji husafiri siku nne kuja kulichora, halikuanguka kwa kuoza. Zaidi ya hapo siandiki leo. Pumzi fupi. Daktari kanipa hadi theluji ya kwanza.

Na sasa balaa: Askew, mzee wa kanisa, anataka kuliezeka upya! Ati watu wamechoka kusali ghalani na kondoo. Nimemwambia kanisa lenye paa zima halichoreki. Kajibu kwamba hata pua yake haichoreki, lakini anapumulia.

Jumatano, 8 Oktoba

Hila. Nikabebwa kwa kiti hadi kilimani. Nikampa Askew kioo changu cheusi cha mchoraji, nikamfundisha: ipe mandhari mgongo, itazame kiooni, milima italainika kama picha ya kale. Akaanza kuvutiwa. Akalalamika kwamba ncha ya mnara haionekani kiooni. Nikamwambia arudi nyuma hatua mbili.

Alirudi tatu. Akatumbukia dimbwi la kuogeshea kondoo!

Mafundi walikuwa waanze Aprili. Sasa, kwa hasira yake, wanaanza kesho kutwa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Dinah Tyson, anayeniuguza, kaleta uji na habari. Marehemu baba yake alikuwa mtunza kanisa. Alifukuzwa kwa kosa la kuacha paa lioze, akafa akinyooshewa vidole. Dinah anataka jina lake lichongwe kwenye jiwe la mlango mpya. Askew kakataa: mzembe hachongwi.

"Baba alikagua kila boriti kwa mkono wake, Bwana Fawcett. Nawe ulikuwa ukichora pale kila siku. Hukuona kitu?"

Nikasema uji umezidi chumvi.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimemwita Askew, Dinah akisikia. Nimesema. Paa lilikuwa zima. Mstari wake ulinyooka mno, ulikata mlima kama kisu. Nikaazima nyundo ya Tyson mwenyewe, eti ya kupigilia kigingi cha mwavuli wangu. Nikavunja boriti mbili, tufani ikamaliza. Tyson akafukuzwa, nikanyamaza.

Askew akaketi bila kukaribishwa. Kasema jina litachongwa.

Dinah kaondoa bakuli la uji, nikiwa sijafika nusu. Kasema nitakula kesho, kama ataamua kuja. Mlangoni akageuka: "Lakini unajuta, mzee?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Alipoondoka nikachukua kioo, nikaligeuzia dirisha mgongo, nikalitazama gofu mara ya mwisho. Nimeungama yote ila hili: upande wa kushoto niliuvunja kidogo mno.