Kompyuta ya Mdogo Wangu Yapata Sura Mpya

Jumatatu, 4 Machi

Mdogo wangu ananitia aibu. Duka zuri la kuchapa, mashine mbili za kurudufu, halafu kompyuta ina sura ya kijivu kama ukuta wa mahabusu! Inaendeshwa na Linux, ule mfumo wa bure wa watu wasiotaka Windows, aliyoiweka binti yake kabla ya kwenda chuo. Nikamwambia Linux naijua tangu haijapewa jina. Kule kazini nilikuwa naipamba huku nakula. (Nilikuwa mlinzi wa geti, lakini geti lilitazamana na chumba cha kompyuta.) Akaniomba niiache. Wiki hii anachapa mitihani ya shule nzima, mwalimu mkuu anaichukua Alhamisi, na bila shule ile duka halina maisha. Nikasema sawa. Alipokwenda kununua karatasi nikaweka picha ya simba.

Jumanne, 5 Machi

Simba amemeza kazi. Majina ya mafaili ni ya njano, simba naye wa njano. Mdogo wangu ametafuta mtihani wa Hesabu asubuhi nzima, kumbe uko kwenye masharubu. Shemeji, mumewe, akapita, akasema simba huyo ana akili kuliko aliyemweka. Mtu mwenyewe fundi wa friji, kutwa kichwa kimo kwenye baridi! Wivu tu.

Kumkomoa, nimeweka madirisha ya skrini yanayotikisika kama uji yakivutwa. Maridadi! Ila kompyuta imeanza kuhema.

Jumatano, 6 Machi

Nimegundua ugonjwa. Kompyuta imebeba mizigo isiyo na kazi. Kuna kiprogramu cha kutazamia hali ya hewa, na dirisha la ukutani tunalo! Nikaamuru kiondolewe. Ikanimwagia majina ya programu nyingine zitakazoondoka nacho, skrini nzima, ikauliza kama nina hakika. Maswali ya waoga hayo. Nikajibu Ndiyo. Nikaizima na kuiwasha, nionje wepesi.

Skrini nyeusi. Kistari kimoja kinapepesa pembeni. Basi.

Mdogo wangu akauliza mitihani iko wapi. Nikamweleza kwamba mabingwa wote hufanya kazi namna hii, weusi mtupu. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akashika kichwa. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 7 Machi

Binti yake kapigiwa simu chuoni. Akaniuliza kwa adabu zote, "Mjomba, yale majina uliyasoma kabla ya kujibu Ndiyo?" Nikamwambia simu inakatakata. Eti nimeondoa madirisha, vitufe, na kila kitu cha kubofya. Mafaili yapo, ila hayafunguki. Akamtajia mama yake amri ya kuandika, herufi kwa herufi, programu zikaanza kurudi mdogomdogo. Mdogomdogo mno. Mwalimu mkuu akaingia, akaangalia ule weusi, akaomba arudishiwe karatasi zake zilizoandikwa kwa mkono. Mitihani inaanza Jumatatu, akasema, anazipeleka duka la ng'ambo ya barabara.

Shemeji akaziacha friji zake, akaja. Alimshika mkewe bega tu.

Ijumaa, 8 Machi

Kompyuta imerudi. Ya kijivu. Mashine za kurudufu zimefunikwa vitambaa kama wagonjwa. Mdogo wangu amevaa gauni lake la heshima, amekwenda kumbembeleza mwalimu mkuu waanze upya, hata kama ni kwa kuchapa barua za kwenda kwa wazazi tu. Mlangoni akageuka. "Kaka, nakuomba. Usiguse."

Sijagusa. Nimekaa, nalinda. Nimetafakari sana na kosa nimeliona: niliondoa, badala ya kupanga.

Ila ile saa. Imekaa chini kwenye kona kama mtoto aliyeadhibiwa. Mwalimu mkuu akirudi atatuonaje? Nimeivuta juu kidogo, kidogo tu. Upau mzima, ule mstari wa chini ya skrini, umeondoka nayo, pamoja na kile kitufe cha kufungulia programu, sijui umekimbilia wapi. Lakini skrini imepata nafasi!

Nawasikia nje. Mdogo wangu anacheka, mara ya kwanza wiki hii, na mwalimu mkuu yuko naye. Wamekuja wakati mzuri. Nitamwonyesha mwenyewe.