Mwanafunzi Mliyeniletea Achukuliwe Kesho Asubuhi

Mtaa wa Nyuma ya Bandari,
Mokpo.

Ndugu Mkurugenzi wa Kituo cha Wanafunzi Wageni,

Nakuomba uisome barua hii ukiwa umeketi, na ikiwezekana uwe umeshakula. Mimi ni Tak Myeongja, mke wa Bong Cheolgyu, mwendesha winchi mstaafu. Leo asubuhi gari la ofisi yako lilimshusha mlangoni petu binti aitwaye Natela, kutoka nchi ya Georgia. Dereva akaondoka mbio kama mtu aliyemwaga taka mahali palipokatazwa. Sasa ni jioni, nami nimeona ya kutosha. Naomba arudi amchukue. Sababu zangu ni hizi:

1. Kijitabu chenu kizuri chenye picha za watu wanaocheka kilisema binti huyu anajua lugha yetu. Sijui aliyemfundisha alikuwa na ugomvi gani na sisi. Mume wangu ni mtu mzima mwenye mvi, lakini alipofika mezani aliambiwa, "We, njoo ule upesi!" Mbwa wetu alipopita, binti akainama mpaka chini na kumwambia, "Shikamoo, mheshimiwa, umeamkaje?" Tangu hapo mbwa hatusikilizi.

2. Kijitabu hichohicho kilionya kwamba wageni hawawezi vyakula vyetu vikali. Nikaamka mapema nikakaanga mayai na kununua mkate, nikiona aibu mbele ya muuzaji. Natela akayatazama mayai, kisha akatazama sahani ya mume wangu. Mume wangu alikuwa anakula taa wa kuvundikwa, samaki ambaye hata watu wa Seoul wakimnusa hukimbilia mlangoni. Nikampa kipande ili ajifunze adabu. Machozi yakamtoka, akapiga meza kwa kiganja, akasema, "Mama, huyu anapiga hadi kwenye ubongo! Niongeze!" Alimaliza na fungu nililomwekea wifi yangu. Mayai nimeyala mimi.

3. Haukupita muda, jirani yangu Mama Pyo akaja kuomba chumvi. Mama Pyo ana mtungi wa chumvi unaomfika kiunoni. Alisimama uani, akamkagua binti kama anayenunua ng'ombe, akaniambia kwa sauti, "Shoga, umeletewa mtu mwenye pua! Mvua ikinyesha huyu mdomo haulowi." Nikafurahi kwamba mgeni haelewi. Kumbe tusi ndilo neno pekee walilomfundisha vizuri! Natela akacheka kumshinda, akajibu, "Hii yangu ndogo, mama. Ungeiona ya bibi yangu, ungeanikia nguo!" Wakashikana mikono. Mimi nimeishi ukuta mmoja na Mama Pyo tangu nilipoolewa, na sijawahi kumwona akimshika mtu mkono.

4. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Chumba nilichompa ni cha mwanangu Sangwoo, kwa kuwa ndicho kilichopo. Sangwoo alifariki kwa ajali ya barabarani akiwa bado chuoni. Hapa kwetu jina lake halitajwi. Hatukukubaliana hivyo, ilitokea tu, na tukaona inatufaa. Mume wangu hutazama besiboli, mimi humenya vitunguu saumu, na hakuna anayemsumbua mwenzake.

Leo, katikati ya chakula cha jioni, binti akauliza, "Yule kaka kwenye picha chumbani ni nani?" Nilimfinya paja. Mume wangu akasema, "Mtoto wetu. Hayupo." Mtu aliyelelewa angekula wali wake akanyamaza. Huyu akasimama, wazee tumeketi, akainua bakuli la pombe ya mchele ya mume wangu, akatangaza kwamba kwao chakula hakiishi bila kuwataja waliotangulia. "Anaitwa nani?" akauliza.

Nilingoja mume wangu amtoe nje. Mume wangu, ambaye tangu astaafu hutumia maneno machache kwa siku na mengi ya hayo humpa mbwa, akasema, "Sangwoo." Akaweka kijiko chini. Halafu akasema, "Aliimba vibaya mno." Basi ndiyo ikawa imefunguka. Akaeleza jinsi kijana alivyokuwa akiimba bafuni mpaka Mama Pyo anagonga ukuta, akaiga na sauti yenyewe, akacheka, akalia, supu ikapoa. Kisha akanigeukia: "Mama Sangwoo, ule wimbo ulikuwaje?"

Ndugu Mkurugenzi, tangu mazishi mume wangu huniita "Sikia" au "Wewe." Nililazimika kwenda jikoni kuosha masufuria yaliyokuwa safi.

5. Natela akanifuata jikoni. Alisimama kando yangu akanifutia masufuria yote, kwa taulo la miguu.

Hakuna aliyeiruhusu ofisi yako kuingiza mambo haya nyumbani kwa watu waliokwisha kuzoea kimya chao. Mkituma mwingine, awe mwenye haya, anayekula mayai.

Wasalimie wafanyakazi wako wote, pamoja na aliyepiga zile picha za kijitabu. Dereva mwambie namba ya gari lake ninayo.

Wako katika masikitiko,
Tak Myeongja

N.B. Kumekucha na barua bado ninayo: gari lisije. Nasikia Mama Pyo anatangaza sokoni kwamba kwake kuna chumba kikubwa zaidi. Chumba hicho kinavuja, na yeye hupika kama aliyehukumiwa kupika. Akikupigia simu, usipokee. Mtu yeyote wa mtaa huu akilalamika juu ya Natela, hata mimi, mpuuzeni. Jambo jingine: mmeandika kwamba anaondoka Novemba. Nimetoka dukani sasa hivi kumnunulia koti zito, na baridi yetu huanza Desemba. Fikirini mtakavyofanya.